Mrija Wangu Usimpe Okware

Namibia, Jumapili mchana

Mpenzi Mama Joy,

Nakusalimu wewe na Joy, na mji wetu wote wa Moding. Je, kikohozi cha Joy kimeisha, au bado kinamwamsha asubuhi? Goti la Baba linasemaje na mvua hizi? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatuzungusha? Mimi ni mzima wa mwili. Ninakula na ninalala. Nywele hunikata Swaleh, mwenzangu wa kazini, ndiyo maana katika picha niliyokutumia nimevaa kofia.

Jumapili iliyopita nilikata simu nikasema mtandao ni mbaya. Mtandao haukuwa na shida. Shida ilikuwa mimi, na kwa simu ningesema vibaya. Nimengoja juma zima ili niseme vizuri kwa kalamu.

Ulinieleza jinsi majirani walivyokuja kupalilia wimbi letu, nawe ukawapikia ajon, pombe yetu ya wimbi, kama ilivyo desturi. Nilifurahi. Nilikiona chungu katikati ya uwanja, maji moto yakimiminwa, na kila mtu akitoa mrija wake wa kunywea. Kisha ukataja kwamba Okware alitoka Malaba na pikipiki yake, akapalilia mstari mmoja na nusu, akaketi. Hakuwa na mrija.

"Nikamshushia wako," ukasema.

"Upi wangu?"

"Ule wa ukutani, Baba Joy. Kwani uko na mingapi?"

"Na yeye anakujaje kwenye chungu bila mrija?"

"Si ametoka kazini? Halafu wako ulikuwa umeanza kukauka. Ulitaka niuache upasuke hapo ukutani? Ni mrija tu, Baba Joy."

Ulisema hivyo ukicheka, na nyuma yako kulikuwa na mtu mwingine anayecheka. Labda alikuwa dada yako. Nimejiambia alikuwa dada yako.

Unamjua Okware, lakini humjui kama mimi niliyekaa naye meza moja katika ofisi ya kutoa mizigo pale mpakani Malaba. Mimi nilikuwa nasoma karatasi za lori mara tatu kabla ya kugonga muhuri, na bado nalala nikiziota. Yeye aligonga akiimba, na hajawahi kukosea. Madereva walipita meza yangu wakaenda yake. Akina mama waliouza chai walimjazia kikombe bila kuulizwa, wangu wakasahau. Viatu vyake havishiki vumbi, sijui hulikanyaga vipi. Nilipopata kazi huku niliwaza kwamba angalau kuna kitu kimoja nimemshinda. Sasa nipo huku, na yeye yupo uwanjani kwangu, mrija wangu mdomoni.

Mrija ule Baba alinikatia mwaka nilipokuoa. Alitafuta mmea mtambaa wenyewe porini, akaunyoosha, akasuka kichujio cha ncha kwa vidole vyake vilivyokuwa vimeanza kutetemeka. Akaniambia kwamba ndugu anaweza kuuazima, lakini mgeni hapewi bila mwenyewe kujua. Ulikuwapo, ulikuwa unamenya viazi. Pale juu umelainika kwa mdomo wangu.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana nimekuwa nikikuficha. Mimi ni karani wa stoo, hiyo ni kweli, ila stoo yenyewe ni ya bunduki. Huku uwindaji unaruhusiwa kwa kibali, na wageni huja katika shamba hili kuwinda swala. Sikukuambia kwa sababu ungeogopa, na mimi nina woga wa kututosha sote wawili. Unakumbuka nilivyokuwa nazunguka mbali nikimwona askari pale mpakani na bunduki begani.

Karibu kila bunduki hapa ina sailensa yake, bomba linalofungwa kwenye ncha ya mtutu ili kupunguza mlio. Haliumalizi mlio kama katika sinema. Linaupunguza tu, ili masikio ya mwindaji na ya mbwa wake yasiharibike, na kundi zima la swala lisitimke. Kuzitunza ni kazi yangu. Siku ya kwanza nilipopewa moja kuisafisha, mikono yangu ilifanya inachojua. Niliiinamisha, nikaiweka mdomoni, nikapuliza kwa nguvu, kama tunavyopuliza mrija uliosuuzwa ili maji yatoke. Likatoka wingu la masizi. Swaleh, yule dereva wa Busia mjini aliyeniunganishia kazi hii, alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Karani! Pombe ya leo imeungua?"

"Funga mdomo, Swaleh."

"Funga wako kwanza, ndio mweusi! Nyinyi Wateso mkiona bomba lolote mnatafuta chungu."

Nilikuwa na ladha ya baruti ulimini siku mbili. Siku hizi najua. Sailensa hufunguliwa baada ya kazi, ikishapoa, kwa kuwa ikiwa moto inachoma kiganja. Haiachwi kwenye bunduki ikalala nayo, maana unyevu na masizi ya ndani hurudi kula chuma cha mtutu. Husimamishwa wima penye hewa mpaka ikauke kabisa, nyuzi za kufungia, zile za kuzungusha kama skrubu, hupakwa mafuta kidogo, ndipo inaingia mkobani. Ukiitia mkobani mbichi, umeifungia pamoja na kutu. Unaona, Mama Joy, ni utunzaji ule ule wa mrija, ukiondoa kupuliza.

Mwezi uliopita bosi aliniita nimchagulie sailensa mpya kwa bunduki yake ya zamani. Muuzaji alipanga tatu mezani. Moja ilikuwa nzito, ukiifunga bunduki inainamisha kichwa kama ng'ombe aliyechoka, na bosi ni mzee anayetembea kutwa. Nyingine ilikuwa nyepesi sana, ila muuzaji mwenyewe alikubali kwamba haivumilii joto la risasi zinazofuatana haraka. Ya mwisho sehemu yake inarudi nyuma juu ya mtutu, kwa hiyo haiongezi urefu mwingi, na tundu lake ni la unene wa risasi za bunduki ile. Nikaonyesha hiyo. Bosi hakwenda nayo porini moja kwa moja. Alipiga shabaha kwanza, kwa sababu ukifunga sailensa nyingine, risasi huangukia pengine, na darubini lazima irekebishwe. Jambo hilo limenikaa kichwani juma hili lote. Kitu kidogo namna hiyo, cha kufungwa mdomoni tu, kinahamisha mahali risasi inapoangukia.

Alhamisi, siku ya nne tangu simu yetu, mgeni mmoja aliingia stoo. Ni mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Sailensa yake ilikuwa imeanguka kwenye mwamba ikapinda. Akaiona ile mpya ya bosi kwenye rafu, akaichukua bila kuuliza, akaizungusha kwenye bunduki yake. Ikaingia vizuri.

"Unaona? Inakaa," akasema.

Ilikaa kweli. Nyuzi zilikuwa za kipimo kimoja. Lakini risasi zake ni nene kuliko tundu la ile sailensa, na hilo hulioni kwa kuzungusha. Nikamwambia haiwezekani. Sauti yangu ilitoka kama ya Joy akiomba sukari.

"Kijana, ni bomba tu," akasema.

Mama Joy, nilikusikia wewe. Ni mrija tu, Baba Joy. Damu ikanipanda, mimi ninayeogopa hata kumrudishia konda noti iliyochanika. Nikaweka mkono juu ya bunduki ya yule mtu nikasema, "Hii ina bunduki yake. Fungua." Akanikaripia kwa maneno ambayo siyaandiki. Sikuondoa mkono. Bosi aliposikia kelele akaja, akasoma alama iliyochorwa kwenye ile sailensa, kisha akatazama risasi za mgeni.

"Ungepiga," akamwambia, "bomba hili lingepasukia usoni kwako. Mshukuru karani."

Jioni Swaleh alinipiga makofi ya mgongoni. "Karani, leo umekuwa simba!"

Sikuwa simba. Wakati ule sikuwa ninamwona mgeni wala bunduki. Nilikuwa ninamwona Okware, miguu ameinyoosha, viatu vyake visivyoshika vumbi viko kando ya chungu, na wewe unamwongezea maji moto.

Jana bosi aliniita akaniomba nikae miaka miwili zaidi. Anasema stoo haijawahi kuwa salama hivi. Mwezi mmoja nyuma ningekubali papo hapo, kwa sababu ya nyumba yetu ambayo bado haina dari. Nimemjibu kwamba nitaulizia nyumbani kwanza. Ndiyo maana ninakuandikia, na ninakuuliza wewe, si Baba wala dada yangu. Sikushtaki kwa lolote. Najua mstari mmoja na nusu wa wimbi si kitu, na ukarimu wako ndio ulionifanya nikuoe. Lakini nikikaa huku miaka miwili, kila mtu atakayefika kwenye chungu mikono mitupu utamshushia mrija wangu, na siku nitakayorudi utakuwa umelainika kwa midomo mingine. Nikija nitaketi wapi?

Niandikie unachotaka. Ukisema nikae, nitakaa, nami nitanyamaza. Ukisema nije, Desemba nitashukia Malaba, hata kama dari litangoja.

Mpe salamu Baba, umwambie kichujio alichosuka nakikumbuka kila siku. Msalimu Mama, na mama yako pia, na dada yangu anayeuza samaki wa omena soko la Adungosi, na shemeji wa boda boda wa Angurai, umwambie avae kofia ya chuma. Msalimu na dada yako, na umuulize kama Jumapili iliyopita alikuwa anacheka karibu na simu. Okware msalimu pia, ila umsalimu ukiwa umesimama mlangoni.

Na kuhusu mrija, nimefikiri. Ni kweli ulichosema, usipoguswa utakauka na kupasuka, na sitaki upasuke. Kwa hiyo usiuache ukutani, na usimpe mtu. Chungu kikiwekwa, keti kwenye kigoda changu unywe nao wewe, hata kama ni kidogo. Ukimaliza uusuuze, uupulize mpaka maji yaishe, uutundike. Huo unapulizwa.

Mumeo anayekuwaza hata akihesabu risasi,

Barnaba