Manyanga Yangu Yanasikika Vizuri

Kaka Mbelwa,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kwamba kofia yako nyeupe ya bendi imeliwa na mbuzi wa jirani yako, Jumamosi, majira ya saa nne asubuhi. Ilikuwa imeanikwa uani. Umebaki ukingo tu. Mbuzi ni mzima wa afya.

La pili ni dogo. Zile nyimbo za jazi tulizorekodi redioni, za Kizungu, za mwezi na mabusu, tulizokuwa tukiwapigia watalii hotelini bila kuelewa nusu ya maneno, zimetolewa upya. Kampuni moja ya Ulaya imezichimbua kwenye mikanda ya zamani. Kwenye jalada umeshika tarumbeta kama askari aliyeshika bunduki. Mimi nimefumba macho.

Unamjua mkeo. Tangu tukuzike alikuwa akiniambia, "Shemeji, sauti yake iko redioni, itarudi tu." Basi Jumapili baada ya ibada akatualika, kachemsha viazi na chai ya maziwa, wapigaji matarumbeta wa usharika wakajaa hadi barazani. Nikaunganisha simu yangu na spika ya kwaya.

Unakumbuka ulivyokuwa. Kila redio ilipopiga nyimbo zile, ulishusha tarumbeta ukutani ukapuliza juu yake. Nikikutania, "Kaka, mtu gani anashindana na nafsi yake?" ulizidisha, kuku wakakimbilia kwenye maharage. Humu ndani hakuna aliyewahi kuusikia hata wimbo mmoja bila tarumbeta lako juu yake.

Jumapili tukausikia.

Zamu yako ya kupuliza ilipokaribia shemeji alinyoosha kidole. "Sasa. Sikilizeni." Gitaa likanyamaza. Tarumbeta halikuja. Yakaja manyanga yangu, yale uliyosema yanalia kama mbuzi anayekojolea majani makavu. Chaka, chaka, mpaka mwisho wa zamu yako. Mmoja wa usharika akacheka, kisha wakacheka wote. Shemeji akaomba turudie. Tukarudia. Manyanga.

"Kwani siku hiyo alikuwepo?" akaniuliza.

Nikamweleza ilivyokuwa. Kipaza sauti kilikuwa kimoja. Na wewe ulijifunzia kupuliza makaburini, alfajiri ya Pasaka, ili ng'ambo ya bonde wasikie kwamba Bwana amefufuka. Sauti ndogo hukuwa nayo. Fundi mitambo akakurudisha nyuma, akakurudisha tena, mwisho akakutoa nje na kufunga mlango. Ulipuliza nyimbo zote ukiwa kwenye ujia, peke yako, jasho linakutoka. Mimi, kwa kuwa manyanga hayana makelele, wakaniweka mbele kabisa. Tulipotoka ukaniambia, "Leo nimepuliza, mdogo wangu." Nikakuitikia.

Baada ya maelezo yangu hakuna aliyecheka. Shemeji alizima spika mwenyewe. Hakulia. Alisema, "Kumbe alikuwa anapuliza ili tusijue," akaanza kukusanya vikombe, na vingine vilikuwa bado vimejaa chai. Watu wakatafuta kofia zao. Viazi vikabaki.

Ndivyo ilivyokuwa, kaka. Sikupunguza kitu.

Lala sasa. Pasaka matarumbeta yatakuja kaburini kwako kama kawaida, na mimi nitakuja nyuma yao. Nakuahidi, manyanga nitayaacha nyumbani.

Mdogo wako.