Posa ya Mgothi

Wambaa, Jumatatu

Kwako Nadhira,

Salamu nyingi. Huku mvua imenyesha. Mama anauliza jibu la posa, bado sijamwambia.

Ile hadithi ya ufalme wa Ulaya ya kale tuliyoibuni tukizungumza kwenye simu nimeiendeleza. Wagothi, watu waliotoka kaskazini, wamewatawala Walatini wenyeji karne tatu. Wanasema lugha ya Walatini, ya kwao wameisahau, na wanazikwa makaburi yaleyale ya Walatini. Sokoni bado wanaitwa wageni.

Tulipokuja kwenu Kiuyu na mjomba wangu kuleta posa, ami yako alitukaribisha kahawa, akaniuliza, "Kwenu wapi, baba?"

"Wambaa, Shehe."

"Wambaa unakaa. Nakuuliza kwenu."

"Babu alitoka bara kuja kuchuma karafuu. Baba kazaliwa hapa, nami pia."

"Ahaa! Basi kapose huko bara, kwa babu yako."

Akacheka na wenzake. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia, nilikusikia ukikohoa. Nilingoja useme neno.

Wewe mwalimu wa historia ulitaka ufalme uishe kwa Mgothi kumwoa Mlatini. Nimejaribu kuandika hivyo, nimeshindwa. Kazi yangu ni kuripoti yaliyotokea. Nimeandika kwamba aliposa, akaulizwa kwao, na mchumba wake akanyamaza.

Ni mimi,
Ridha wa Wambaa