Mkono Uliombatiza Binti Yako

Lucia mwanangu,

Ni miaka sasa tangu uondoke Kismayo na mumeo kurudi kwenu ng'ambo ya bahari, nami bado nimepigwa na butwaa. Vifo vya vichanga nimeviona vingi. Kilichonishtua ni yale yaliyotokea chumbani mwako asubuhi ile.

Ulijifungua kabla ya wakati, katika nyumba ya nyuma ya forodha alikofanya kazi mumeo. Mtoto alikuwa mdogo mno, pumzi zinakatika. Mama yangu kule kisiwani Chovai alinifunza kwamba mkunga hashindani na uzazi. Huufuata, kama maji yafuatavyo mteremko. Nikamlaza kifuani mwako, nikangoja. Mumeo alikuwa amekwenda kumtafuta padri huko mashambani, ng'ambo ya mto Juba.

Ukaniomba maji. Nikadhani una kiu, kumbe wataka nimmiminie mtoto kichwani, nimbatize. Nikakwambia mimi ni Mwislamu, tena mwanamke. Ukanijibu kwa Kibajuni ulichookota kwangu:

“Padri hayupo. Kwetu, ikiwa hivi, mchu yeyote aweza.”

Mtu yeyote. Maneno yenu nisingeweza kuyasema, na kukunyima pia nisingeweza. Nikakuletea kikombe, ukashindwa kukiinua peke yako. Nikakushika kifundo cha mkono, ukamimina mwenyewe, ukasema mwenyewe. Ukamwita Maria. Akafariki kabla ya adhuhuri.

Padri alipofika, nilijibanza mlangoni nikingoja akukemee. Akauliza ulimimina vipi, ulisema nini. Kisha akasema ubatizo umetimia, hata yeye hawezi kuurudia. Nikaduwaa upya. Mkono wa mzazi ambaye hajaosha hata damu yake umefanya jambo ambalo padri hana la kuongeza.

Nikaanza kukuvisha, nikidhani utamsindikiza mwanao. Ukanizuia. Ukaniambia kwa desturi ya kwenu mama aliyejifungua hatoki mpaka abarikiwe kanisani, watakwenda wanaume.

“Mbingu umemfungulia wewe,” nikakuuliza, “na kaburi lake usilione?”

Ukaniuliza kama sisi wanawake wa huku huenda makaburini. Wanangu wawili nimewazika nikiwa ndani, nikisikia nyayo za wanaume zikitokomea. Na siku ile tuliketi pamoja, mimi na wewe, tukizisikiliza zikitoka na Maria.

Wako wanaosema nilikosea kukushika mkono. Wacha waseme. Linalonikosesha raha ni lile swali lako.

Juzi, mchana kweupe, nikajitanda buibui nikaenda makaburini peke yangu. Nilisimama kwanza kwa mwanao, halafu nikavuka mji hadi kwa wangu. Nikawasomea dua, nikang'oa magugu kwa mikono, nikingoja sauti ya kunifukuza.

Haikuja, Lucia. Hakuna aliyenifukuza.

Mungu akuweke huko uliko.

Mkunga wako, aliyekushika mkono.