Makombe Nyuma ya Choo cha Kipara

4 Februari

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu linanisumbua, halina adabu kama wewe. Wapimaji wako wamefika. Wametoboa ganda la chumvi kwa bomba refu wakitafuta kina cha ziwa lisilo na maji hata ya kunawia uso. Sasa wanatafuta ukingo wake wa zamani, na wanasema atakayekutwa ndani yake atahamishwa. Nilikusomesha uje kunizamisha nchi kavu? Na mjomba wako Kipara, kule ng'ambo ya ziwa, anacheka.

Baba yako

15 Februari

Baba,

Shikamoo. Goti lipoe. Ukingo tunaujua kwa makombe ya konokono wa majini: yanapoishia, ndipo ziwa liliishia. Kwako yameishia mteremkoni, kabla ya kufika uwanjani. Nyumba imepona, na kaburi la mama pia. Kwa mjomba hakuna hata kombe moja. Bado ukaguzi wa mwisho tu. Usiguse chochote. Nakujua.

Mwanao

2 Machi

Binti yangu mkaguzi,

Marahaba. Mgongo umenyooka kwa mazoezi ya toroli. Kwa hiyo Kipara naye apone? Mtu aliyesema msibani, mbele ya watu, kwamba dada yake aliolewa na kichekesho? Haya, wakague vizuri nyuma ya choo chake. Ziwa hili lina mambo. Mimi mzee, najua nini?

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi afya, mwenye kusukuma toroli ni mzima. Makombe yamekutwa nyuma ya choo cha mjomba. Hongera. Kwake ni juu kuliko kwako, na maji hulala sawa pande zote. Yakifika kwenye choo chake, kwako yamepita paa. Ramani mpya imemweka mjomba ukingoni, wewe na mama chini kabisa. Makaburi nayo yatahamishwa.

Nikisema mimi, wataniambia namtetea baba. Andika mwenyewe kwamba uliyabeba, na mjomba awe shahidi. Ramani inapelekwa mwisho wa mwezi. Usiniandikie kitu kingine.

Mwanao

27 Machi

Binti yangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako uliitupa kama mfupa. Niliapa bora nizame kuliko Kipara anisikie nikiomba. Nikakaa na kiapo changu uwanjani, nikitazama kaburi. Mama yako hakujua kuogelea.

Basi waambie wakubwa zako: makombe yale niliyabeba mimi, kwa toroli langu, nikiwa na akili timamu. Shahidi ametia dole gumba hapo chini. Wino umetapakaa kwa sababu alikuwa anacheka, na bado anacheka, tena kwenye kiti changu. Sharti lake ni kwamba wakubwa zako wakishayaona, niyarudishe yote mchana kweupe, yeye akinitazama.

Ukija, usimsalimie kabla yangu.

Baba yako