Siku Maman Devota Aliponigombeza

Mjukuu wangu Furaha,

Huku tunapumua. Mama yako bado anavuka daraja la mpakani kuuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, huko Bukavu. Mimi magoti yamechoka kunibeba.

Unauliza kama uache masomo ya jioni ya Kidenmaki, maana unatoka kazini umechoka, na watu wa huko wanakusemesha polepole kama mtoto. Nakuelewa. Tuliporudi Rwanda kutoka Kongo, Kinyarwanda kilinichosha hivyohivyo. Sokoni Kamembe walinisemesha polepole, wakitabasamu, wakaniona mpole. Mimi, mpole!

Kisha maji ya samaki wangu yakamwagikia nyanya za Maman Devota, jirani yangu wa meza. Akanigombeza kwa Kinyarwanda mbiombio, kama anavyomgombeza mwenyeji, bila kunihurumia hata neno moja. Nikamjibu kwa makosa tele, naye akazidi. Jioni ile nilikula nikashiba.

Leo lala. Kesho rudi darasani. Siku Mdenmaki atakapokugombeza mbiombio, niandikie.

Koko wako