Mwanangu Hufungua Bomba Ili Nisimsikie Akilia

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba uipokee shikamoo yangu kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi tusameheane, maana kwenye gazeti hatuonani. Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita, karani mstaafu wa masjala, ile ofisi ya kutunza mafaili, nilianza kama tarishi wa kupeleka barua na kubeba chai nikapanda mpaka nikakabidhiwa funguo za makabati, na maisha yangu yote sijawahi kuandika barua isiyo na kumbukumbu namba, hii ndiyo ya kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Nina mtoto mmoja tu, wa kike, fundi cherehani, ameolewa na anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, nikamlea mwenyewe, nikapika, nikafua, hata nywele nikamsuka, vibaya lakini nilisuka, na mtaa mzima ukasema yule mtoto ana adabu, mpaka walimu wakawa wananiuliza siri. Siri yangu ilikuwa neno moja la Kiingereza, bihevu. Nililitoa ofisini. Mkuu wetu wa zamani, enzi nikiwa bado tarishi, akinisikia nacheka koridoni alikuwa anatoa kichwa mlangoni na kusema bihevu, basi, nanyamaza palepale, nikaona kumbe hili neno lina nguvu, halitaki kiboko wala kelele, nikalibeba kwenda nalo nyumbani kama wenzangu walivyobeba kalamu za ofisi.

Nyumbani likafanya kazi zote. Mtoto akikimbia ndani, bihevu. Akipekua mkoba wa mgeni, bihevu. Akicheka sana, akinuna, akikataa kula, akiogopa giza, akiuliza mama anarudi lini, bihevu. Sikuwahi kumpiga hata kofi, Mungu ni shahidi. Siku ya mazishi ya mama yake alianza kulia kwa sauti mbele za watu, na mkuu wangu alikuwepo, na wenzangu wa ofisini wote walikuwepo, nikainama nikamwambia sikioni bihevu, akanyamaza kama redio iliyozimwa, watu wakanisifu, na mimi, Mungu anisamehe, nikajisikia fahari. Tangu siku ile sijamwona akilia, miaka ishirini sasa, nikadhani nimelea mtoto jasiri. Mimi mwenyewe nilimlilia mke wangu mara moja tu, nyuma ya kabati la mafaili ya wastaafu, dakika kumi, nikanawa uso nikarudi mezani. Hakuna anayejua, wewe ndiye wa kwanza.

Sasa sikia kilichonileta. Wiki nne zilizopita binti yangu alijifungua, na kichanga kikatoka hakina uhai. Habari nilizipata kwa kinyozi. Mshauri, habari ya damu yangu naambiwa na kinyozi, wembe uko shingoni, ananiambia pole mzee kwa msiba, na mimi kwa aibu najifanya nilikuwa najua, naitikia tumeshapoa! Walikuwa wamezika siku tano nyuma. Nilitoka pale kidevu kimenyolewa upande mmoja, nikaenda moja kwa moja kwake.

Alinifungulia mlango kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, shikamoo baba, karibu baba, kiti hiki hapa, chai hii hapa, magoti yanaendeleaje. Macho yamevimba. Cherehani imefunikwa shuka, na juu ya shuka kuna vinguo vidogo vimekunjwa, alivishona mwenyewe. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona hukuniambia?" Akasema, "Sikutaka kukusumbua, baba. Nilijua nitashindwa kujizuia." Kisha mdomo ukaanza kumtetemeka, na mimi nilitaka kusema pole, Mshauri, naapa pole ilikuwa mdomoni tayari, lakini lililotoka ni lilelile, bihevu mwanangu. Akakaa wima. Akasema, "Samahani, baba." Akainuka akaenda bafuni, nikasikia bomba limefunguliwa, maji yanamwagika, yanamwagika, hayaishi.

Mkwe wangu, fundi wa majokofu, kijana mpole, akanisindikiza mpaka nje akasema, "Mzee, nakuheshimu, lakini acha nikwambie ukweli. Si leo tu. Ukija hapa, jambo likimzidi, anakimbilia bafuni na kufungua bomba ili usimsikie akilia. Naomba usije kwanza." Usije kwanza! Mimi niliyemzaa!

Nilirudi nyumbani nikachukua kamusi, nikalitafuta lile neno, nikakuta maana yake ni kuwa na mwenendo mwema. Sasa Mshauri, mwenendo mwema umekuwa dhambi? Nimekosea wapi? Nilitaka tu awe mtu mbele za watu. Hii ni wiki ya tatu nimejifungia ndani, simu naishika naiweka, nampenda kuliko roho yangu na sijui kama analijua hilo. Nikae mbali kama mkwe alivyosema, au niende, na nikienda niseme nini, maana maneno niliyo nayo yote ni ya ofisini. Majuto yananila. Nisaidie nisije nikafa nikiwa mgeni kwa mwanangu.

Karani Mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

Karani, pole. Nimeanza na hilo makusudi, uone lilivyo fupi na halivunji ulimi. Umefiwa na mjukuu, na aliyekupa pole ni kinyozi peke yake, na hilo linauma. Ukitaka kulia unaposoma hapa, lia, huku kwangu hakuna mkuu wa kutoa kichwa mlangoni.

Sasa nikuseme. Kamusi uliikimbilia kutafuta wakili. Kamusi haikuwepo mazishini, bwana! Neno lenyewe halina ubaya, hata mimi nimewaambia wajukuu zangu watulie walipopanda juu ya meza ya watu. Mtoto anayepekua mkoba wa mgeni lazima akanywe. Lakini mtoto anayeuliza mama yake anarudi lini kakosa adabu gani? Huyo ana msiba. Kuogopa giza si tabia mbaya, wala kulia si tabia mbaya. Wewe ulichanganya utundu, woga na huzuni ya mtoto ukavitia kwenye faili moja, na kila ulipomwambia bihevu alisikia kitu kimoja tu: usiniaibishe. Naye, masikini, ametii. Hajakuaibisha mpaka leo, ndiyo maana msiba wake umeusikia ukinyolewa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mzee wangu.

Unauliza umekosea wapi. Unapajua, umepaandika kwa mkono wako: ulijisikia fahari. Hata hivyo sitakutwanga mpaka uwe unga. Mwanamume aliyemsuka mtoto wake nywele, hata kama alizisuka vibaya, hana roho ya jiwe. Na nimeona kuwa wa kwanza kuumizwa ulikuwa wewe. Ulikuwa kijana unajichekea koridoni, mtu akakukata kicheko, na badala ya kuchukia ukasema kumbe hii ndiyo nguvu. Lile neno ungelirudisha siku ile uliporudisha funguo. Kuna methali ya majuto ambayo mtu mwingine ningempa hapa bila huruma. Wewe sikupi, kwa ajili ya huyo kichanga.

Fanya hivi. Mkwe wako hakukufukuza, alimlinda mkewe, na wewe ndiye uliyepaswa kumshukuru. Mpigie leo, usingoje kesho. Muombe radhi, umuulize siku ya kwenda. Akisema ngoja wiki, ngoja wiki, wala usinune. Siku ukienda, kataa chai, maana akishika birika amepata pa kujificha. Kaa, umwambie hivi: nilikukataza kumlilia mama yako, nilikosa, nisamehe. Basi. Usitie "lakini" hapo, wala usimsimulie ulivyohangaika kumlea, anajua. Mwambie pia ulivyolia nyuma ya lile kabati. Miaka ishirini anaamini baba yake hana machozi, na anajiona yeye ndiye dhaifu.

Huenda asilie siku hiyo. Huenda akakasirika, akakutolea maneno ambayo hujawahi kuyasikia kwake. Akifanya hivyo, shukuru Mungu, kaa uyapokee yote. Na akilia, usimwambie nyamaza, usimwambie atapata mwingine, usitazame dirishani kama kuna jirani anayepita. Lile neno likikujia, uma ulimi mpaka lirudi lilikotoka.

Lipo moja limeniuma kuliko yote. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza umri wako, cheo chako, magoti yako, mpaka kidevu chako. Lakini hukuniambia kama yule mtoto alikuwa wa kike au wa kiume, wala kama alipewa jina. Nadhani hujui, kwa sababu hukuuliza. Binti yako amembeba miezi tisa na hakuna siku wewe baba yake umemsikia akimtaja. Muulize anaitwa nani. Akianza kukusimulia, usimkatize.