Shemeji Anang'oa Mirunda Mapema

Mshauri mpendwa, naomba unishike mkono maana nimefika pabaya. Mimi ni ofisa wa kusimamia hatari kwenye mradi wa nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo, kazi yangu ni kuona kitakachokwenda kombo kabla hakijaenda, na kila Jumatatu kikaoni mhandisi mkuu ananiuliza, "Kuna hatari mpya?" nami nataja mvua, saruji kuchelewa, wizi wa nondo, tunakunywa chai yanaisha, lakini moja siitaji, nayo ni shemeji yangu.

Yeye ndiye msimamizi wa mafundi, kaka wa mume wangu, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, mpaka leo akiingia sebuleni mume wangu anasimama. Sasa wakubwa wanataka jengo lipande haraka na mirunda haitoshi, basi shemeji anaing'oa ile inayoshikilia zege la dari ya chini ambalo bado halijakomaa, anaipandisha juu, na chini anaacha michache ya mbele, inayoonekana kutoka getini. Nilipomuuliza alicheka, "Shemeji, zege nimelijua kabla hujajua kuvaa viatu, hebu kapange makaratasi yako."

Juzi nimeona ufa kwenye dari hiyo, na hapo chini ndipo mafundi wanapokula mchana kwa sababu ya kivuli, mama wa chakula naye kahamishia masufuria hapohapo, ananiita, "Njoo dada, huku kuna ubaridi," nami najidai nimeshiba huku njaa inaniuma. Nikisema, shemeji anakwenda na maji na ndoa yangu pia, nikinyamaza naogopa hata kuwaza. Je, nimwambie mume wangu kwanza au nisubiri kikao? Namba yangu na ya ofisi ya mradi ziko chini, ila tafadhali usinitaje.

Mke wa mdogo wake

Mke wa mdogo wake, pole sana, na sasa nisikilize. Unasema hujui la kufanya, mbona miguu yako inajua? Imekataa kukupeleka chini ya dari ile. Umejiokoa wewe, mama wa chakula umemwacha na masufuria yake, na hapo ndipo uliponichemsha damu.

Ukianza na mume wako, ataenda kumbembeleza kaka, mtaitwa kikao cha familia, na dari haihudhurii vikao vya familia. Shemeji yako si muuaji. Amefanya hivyo mara nyingi bila kuumbuka, akadhani bahati ni ujuzi. Kumtaja leo ni kumnusuru asije akabeba roho za watu.

Kwa hiyo watoe watu pale chini kwanza, hata kwa kupiga kelele. Kisha mwambie mhandisi mkuu kwa mdomo wako, mbele ya wengine: mirunda imeng'olewa, ufa upo. Dai eneo lifungwe, mirunda irudi, zege lipimwe. Mume wako mwambie jioni hiyohiyo, asisikie kwa kaka yake.

Ila gazeti linatoka Jumamosi na barua yako nimeifungua Jumanne, nisingeweza kuikalia. Nilikupigia, hukupokea, nikapiga ofisi ya mradi. Jina lako sikulitaja. Mhandisi aliniuliza kama kuna mtu wa ndani atakayesimama kuthibitisha. Nikamwambia yupo.